Washindi wasioalikwa: Dons wa San Francisco, 1951

Bumu bado halijatoka, maji ghorofa ya nne yanakuja saa tisa usiku, na foleni ya kutoa kopi imefika hadi kwenye ngazi. Maisha yanasonga. Leo tuweke hayo kando, nataka tupige stori ya historia.

Ni stori ya timu ya chuo. Mwaka 1951 ilicheza mechi 9, ikashinda zote 9, haikutoka sare hata moja. Halafu ikafutwa. Haikushuka daraja, haikufungiwa kwa kuhonga refa. Ilifutwa tu, na ubingwa wake haukuonekana popote. Mwanafunzi wa historia kama mimi akikutana na kitu cha namna hii hawezi kulala mpaka ajue kulikoni.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana najua humu kuna watu wakisikia "futiboli" wanawaza Simba na Yanga. Huu ni mpira wa Kimarekani. Mpira wenyewe una umbo la yai, kila upande watu 11, helmeti kichwani, mabegani wamejaza pedi kama wanakwenda vitani. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10. Ikiweza, inapewa mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiuvusha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wenzako, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Hayo yanatosha kwa leo.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi kwetu kulielewa. Kule mpira wa vyuo ni kitu kikubwa, na mwaka 1951 ulikuwa unapendwa kuliko hata ule wa kulipwa. Lakini mwisho wa msimu hapakuwa na fainali ya kutafuta bingwa. Kulikuwa na mechi za mwaliko zinazoitwa Bowl, zinachezwa wakati wa Mwaka Mpya kwenye miji yenye joto: Orange Bowl kule Miami, Sugar Bowl New Orleans, Cotton Bowl Dallas, Gator Bowl Jacksonville. Kila moja ina kamati yake. Kamati inakaa, inatazama nani kafanya vizuri, inaamua nani aje. Ukialikwa unapata sifa, na unapata mgao wa mapato. Kwa chuo kidogo, mgao huo si pesa ya soda.

Rose Bowl ya California ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, lakini tangu msimu wa 1946 ilikuwa imefungwa kwa mkataba kati ya ligi mbili tu. Chuo kisicho kwenye ligi hizo kingesubiri mwaliko kutoka Kusini. Na Kusini ya Marekani ya wakati ule mnaijua: mabasi ya kutengana, shule za kutengana, hata mabomba ya maji ya kunywa ya kutengana.

Sasa twende kwenye timu.

University of San Francisco ni chuo cha mapadri Wajesuiti, kimekaa juu ya kilima katikati ya mji. Mwaka 1951 kilikuwa kidogo. Timu yake iliitwa Dons, na kocha tangu 1948 alikuwa Joe Kuharich, jamaa aliyecheza Notre Dame na aliyejulikana kwa mazoezi ya kuvunja mgongo. Kwenye safu ya mbele alikuwepo Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa amepigana Vita ya Pili ya Dunia huko Ulaya kabla ya kuja chuoni. Alikuwepo Bob St. Clair, kijana wa hapo hapo San Francisco, futi 6 na inchi 9, mtu ambaye akisimama mlangoni chumba kinakuwa giza. Mrusha mipira alikuwa Ed Brown.

Halafu walikuwepo wawili weusi: Ollie Matson na Burl Toler. Matson alizaliwa Trinity, Texas, mwaka 1930. Toler alitoka Memphis, Tennessee. Wote wawili watoto wa Kusini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuwaeleza Kusini kukoje. Walikutana kwenye chuo cha City College of San Francisco, wakawa kwenye timu ya 1948 iliyoshinda mechi 12 kwa 12, kisha wakapanda pamoja kwenda kilimani kwa Wajesuiti. Matson alikuwa mkimbiaji. Toler alikuwa mkabaji, na walioicheza timu ile walikuwa wakisema yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Mtu mmoja zaidi, msimsahau: ofisi ya habari ya michezo ya chuo iliongozwa na kijana wa miaka 25 aitwaye Pete Rozelle. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi waandishi wa magazeti ya New York waamini kwamba kuna timu kali kwenye chuo ambacho hawajawahi kukisikia. Huyu tutamrudia.

Msimu ulianza kwa kuitandika San Jose State 39-2. Idaho nao wakala 28-7. Mechi iliyowatambulisha ilikuwa New York, dhidi ya Fordham, chuo kingine cha Wajesuiti. Walishinda 32-26, na Matson alifanya kitu ambacho mchezaji anaweza kukaa miaka yote ya chuo asikifanye hata mara moja. Fordham walipopiga mpira wa kuanzia, aliudaka karibu na mstari wa timu yake akakimbia uwanja mzima hadi tachidauni. Halafu akarudia tena, mechi hiyo hiyo. Mpaka msimu unaisha alikuwa amekimbia na mpira yadi 1,566, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa chuo nchi nzima mwaka ule, na tachidauni 21. Gawanya kwa mechi 9 uone: yadi 174 kwa mechi.

Tarehe 17 Novemba walikwenda Stockton kucheza na College of the Pacific. Hii ndiyo ilikuwa mechi ya kupimwa, maana Pacific walikuwa wazuri na watu wa kamati za Bowl walikuwa wanafuatilia. Dons 47, Pacific 14. Wiki moja baadaye wakamaliza kazi kwa kuifunga Loyola ya Los Angeles 20-2. Mechi hiyo ilichezwa ndani ya uwanja wa Rose Bowl wenyewe, kule Pasadena. Yaani uwanja walifika, ila mwaliko ndio haukuwahusu. Kwenye orodha ya mwisho ya waandishi wa Associated Press walishika nafasi ya 14.

Basi wakakaa kusubiri barua.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila kujua desturi ya wakati ule mtadhani kilichowapata Dons ni bahati mbaya ya timu moja. Hapana. Vyuo vya Kaskazini vilikuwa na wachezaji weusi wachache, na vya Kusini havikutaka kucheza nao. Basi wakubwa wakatengeneza utaratibu wa kistaarabu kabisa, wa kuongea kwa sauti ya chini: ukicheza na timu ya Kusini, mchezaji wako mweusi unamwacha nyumbani. Hakuna sheria ya michezo iliyoandikwa. Ni makubaliano ya waungwana tu, na mwenye kuachwa hakuulizwa.

Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha New York kilipangiwa kucheza na Missouri, kikakubali kumwacha mchezaji wake Leonard Bates. Wanafunzi wapatao 2,000 wakaandamana wakitaka Bates acheze. Bates hakucheza. Mwaka uliofuata wanafunzi 7 waliokuwa mstari wa mbele wa harakati hizo walisimamishwa masomo.

Lakini wapo waliogoma na dunia haikuanguka. Mwaka 1946 Penn State walifuta safari ya kwenda kucheza Miami kuliko kuwaacha wenzao wawili, Wallace Triplett na Dennis Hoggard. Tarehe 1 Januari 1948 Penn State hao hao walicheza Cotton Bowl, Dallas, katikati ya Texas, Triplett na Hoggard wakiwa uwanjani. Kwa hiyo mlango haukuwa ukuta. Ulikuwa mlango, na kulikuwa na watu wameushika kitasa.

Na kama kuna anayedhani haya yalikuwa maneno tu ya kwenye vikao, msimu huo huo wa 1951, tarehe 20 Oktoba, mchezaji mweusi wa Drake aitwaye Johnny Bright alipigwa ngumi ya uso kule Stillwater, Oklahoma, wakati hana mpira na mchezo umeshampita. Taya likavunjika. Akiwa na taya hilo hilo alirusha pasi ya tachidauni ya yadi 61 kabla ya kutolewa kwenye kota ya kwanza. Wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines Register walinasa tukio zima, na picha zile zilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Ngumi ikawa ushahidi nchi nzima. Chuo mwenyeji kilikuja kuomba radhi mwaka 2005. Bright alikuwa ameshafariki tangu 1983.

Hayo ndiyo yalikuwa mazingira wakati Dons wanasubiri barua.

Wachezaji wenyewe wamesimulia uzeeni kilichotokea. Habari waliletewa na kocha Kuharich: Orange Bowl inawezekana, lakini Matson na Toler wasije. Na kwa maelezo yao, hapakuwa na kikao. Hapakuwa na kura, hapakuwa na "hebu tulifikirie mpaka kesho". Jibu lilikuwa hapana, likaishia hapo.

Hadharani sababu ilikuwa nyingine: eti ratiba yao ilikuwa nyepesi, walicheza na timu ndogo ndogo. Tumefundishwa darasani kuzipima sababu za pande zote, basi tuipime hii. Ni kweli ratiba haikuwa na majina makubwa. Vyuo vikubwa vya jirani havikuwa na haraka ya kucheza nao. Lakini tazama hili. College of the Pacific, waliofungwa na Dons 47-14, walialikwa Sun Bowl, El Paso, wakacheza na Texas Tech na kufungwa 25-14. Aliyepigwa akaonekana anafaa kualikwa, aliyempiga akaambiwa ratiba yake nyepesi. Orange Bowl yenyewe ya tarehe 1 Januari 1952 walicheza Georgia Tech na Baylor, timu za Wazungu watupu zote mbili. Georgia Tech wakashinda 17-14.

Sasa tuje kwenye bei, kwa sababu kwangu hapa ndipo stori ilipo.

Muda mfupi baada ya msimu kwisha, chuo kilitangaza kuacha mpira kwa sababu ya gharama. Timu iliyoshinda 9 kati ya 9 ikavunjwa. Kuna wanaosimulia kana kwamba pesa za Orange Bowl zingeokoa kila kitu, na hapo mimi nakuwa mgumu kidogo. St. Mary's, jirani zao, walikuwa wameshaacha kabla. Loyola, wale waliocheza nao mechi ya mwisho, nao waliacha baada ya msimu huo huo. Santa Clara wakafuata mwaka mmoja baadaye. Vyuo vidogo vya Kikatoliki vya California vilikuwa vinaangushwa na gharama mmoja baada ya mwingine. Labda mwaliko ungewanunulia mwaka mmoja au miwili tu. Lakini kijana wa miaka 20 mwenye mwaka mmoja wa kucheza, mwaka mmoja ndio dunia nzima. St. Clair alikuwa bado hajamaliza. Ilibidi ahamie Tulsa, Oklahoma, akamalizie huko na watu asiowajua.

Na tazama nani alilipa. Matson na Toler hawakuwa na cha kuchagua, mlango ulifungwa usoni pao. Wenye kuchagua walikuwa wale wengine, Wazungu. Wangeweza kwenda Miami, wakacheza, wakaonekana na nchi nzima, wakarudi na stori ya kuwasimulia wajukuu. Hakuna ambaye angewalaumu. Vyuo vikubwa kuliko chao vilifanya hivyo miaka nenda rudi na vikaendelea kuheshimiwa. Mtu angewaambia "ndio utaratibu", na angekuwa anasema kweli. Walikuwa wengi, wameombwa wawaache wawili tu. Hesabu rahisi kabisa. Wakakataa kuipiga.

Haya, waliishia wapi? Matson mwaka 1952 alikwenda Olimpiki ya Helsinki, akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Kisha akaingia mpira wa kulipwa na Chicago Cardinals. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimtaka sana hadi wakatoa watu 9 kumpata mmoja. Meneja wa Rams aliyefanya biashara hiyo? Pete Rozelle, yule kijana wa ofisi ya habari. Mwaka 1960 Rozelle akachaguliwa kuwa kamishna wa ligi nzima ya kulipwa, NFL, akiwa na miaka 33, akaiongoza hadi 1989. Marchetti alichukua ubingwa mara mbili na Baltimore Colts, 1958 na 1959. Yeye, Matson na St. Clair wote waliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kulipwa kule Canton, Ohio. Watatu kutoka timu moja ya chuo kidogo, yenye ratiba nyepesi!

Toler ndiye ninayempenda zaidi. Mwaka 1952, kwenye mechi ya nyota wa vyuo dhidi ya mabingwa wa kulipwa, goti lake liliharibika na ndoto ikaishia hapo. Akarudi darasani, akawa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu San Francisco. Mwaka 1965 NFL ilimwajiri kuwa mwamuzi, wa kwanza mweusi katika ligi hiyo. Mwaka 1980 akachezesha Super Bowl. Yaani mtu aliyeambiwa hafai hata kukanyaga uwanja wa Miami akaja kuwa ndiye mwenye filimbi na kitambaa, na Mzungu wa Kusini akileta ubishi anaambiwa rudi kwenye mstari.

Kuna kipande kingine kinachowahusu wale Georgia Tech walioicheza Orange Bowl. Mwishoni mwa 1955 walialikwa Sugar Bowl kucheza na Pittsburgh, iliyokuwa na mchezaji mweusi, Bobby Grier. Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, akataka timu isiende. Wanafunzi wa Georgia Tech, Wazungu wa Kusini, wakaingia barabarani usiku, wakachoma sanamu ya gavana, wakaandamana hadi kwake. Tusiwapambe sana: wengi wao walitaka tu kuiona timu yao ikicheza. Lakini mechi ilichezwa, Grier alicheza, Tech wakashinda 7-0. Mwaka 1956 Louisiana ikatunga sheria ya kupiga marufuku michezo ya mchanganyiko, sheria iliyokuja kutupwa na mahakama mwaka 1959. Vitu hivi havikwenda mbele kwa mstari ulionyooka.

Heshima kwa Dons ilikuja kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2006 chuo chao kiliwapa shahada za heshima, miaka 55 baada ya msimu ule. Kuharich alikuwa amefariki tangu 1981, Rozelle tangu 1996. Toler aliwahi kuipata, akafariki 2009. Wale wanafunzi 7 wa New York waliosimamishwa 1941, chuo chao kiliwaenzi mwaka 2001. Hesabuni wenyewe miaka mingapi.

Nimeisoma stori hii wakati mitihani inakaribia, na sote tunajua kinachotokea mlangoni siku hizo kwenye vyuo vyetu: wenye ada kamili waingie, wenye deni wasimame pembeni. Si kitu kimoja na ubaguzi wa rangi, sisemi hivyo. Ila sentensi inafanana: nyie ingieni, wale wawili waacheni, ndio utaratibu. Chumbani kwetu tumebishana mpaka taa za korido zimezimwa. Mmoja anasema Dons walikuwa na kitu cha kukataa lakini sisi tukisusa tunadisco wote na hakuna anayefaidika. Mwingine anasema hata Dons waliambiwa hivyo hivyo, kwamba kukataa kwao hakutamsaidia mtu. Na kweli, Matson na Toler hawakucheza Orange Bowl. Wenzao walilipa, na mlango wa Miami ukabaki umefungwa mwaka ule.

Toler na wenzake waliendelea kukutana kwa miaka zaidi ya 50. Huo mgao kamati haikuwa nao.

Haya jamani, ngoja nikatafute madesa ya kesho kabla kopi hazijafungwa. Wenye hoja tuendelee kubishana kantini. Alamsiki.